Huyu Myao Ni Wangu

Sehemu ya tisa

Uligeuza uso. Usibishe, nilikuona.

Wiki iliyopita tulimwacha Mujibu nje ya soko la Masasi, saa nne asubuhi, amepiga magoti, tairi shingoni. Wewe ulipofika kwenye neno "petroli" ukakunja gazeti, ukafungia vitumbua. Ukasema moyoni: mwizi ni mwizi. Kisha ukala.

Haya, kunjua. Mafuta hayajafuta herufi zote. Mujibu yuko palepale, magoti yanamuuma, na kiberiti kimeshatoka mfukoni.

Kama wewe ni mgeni wa hadithi hii, karibu, nawe utalaumiwa kuanzia leo. Mambo yenyewe ni machache. Alfajiri ya Jumamosi hiyo fundi cherehani Yuliana alipigwa nondo kichwani akifungua kibanda chake nyuma ya soko, na cherehani yake mpya ya umeme ikaondoka. Saa tatu watu wakamwona Mujibu, dereva wa bodaboda wa Chiungutwa, anaosha siti ya pikipiki yake bombani. Shati lake jeupe lilikuwa na madoa ya rangi ya kutu, kifuani na begani. Mtu akamwita, "Wewe, hebu njoo." Mujibu akakimbia.

Basi. Huo ndio ushahidi wote. Kwa ushahidi huo mahakama isingekunyang'anya hata kuku, lakini sokoni unatosha kumgeuza mtu majivu.

Kidumu cha petroli alikishika Dadi, fundi pancha wa stendi. Tairi nalo lilikuwa lake, la pikipiki, kipara, limekwisha kashata.

"Sogeeni nyuma," alisema Dadi. "Petroli haichagui."

Kiberiti alikishika Mzee Rajabu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Mtu wa swala tano, mtu ambaye shikamoo zake zinaanzia msikitini zinaishia stendi. Usishangae. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba walishuka na mvua. Mimi nawakumbuka kwa majina. Anayewasha moto si jambazi. Ni mtu unayemwamkia kila siku.

Nakumbuka yule aliyechomwa kwa ajili ya jogoo, mwaka ule mvua zilipozidi. Jogoo alirudi mwenyewe saa kumi na moja jioni, akapanda juu ya banda, akawika. Mtaa mzima ulisikia. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwepo, na jiwe langu nilikuwa bado sijalitupa chini.

Turudi sokoni.

Mzee Rajabu alitoa njiti ya kwanza. Ikakatika. Akatoa ya pili.

"Ngojeni," ilisema sauti ya mwanamke. "Huyo ni Myao?"

Watu wakageuka. Alikuwa Mama Anifa, muuza makopa ya muhogo na karanga, Mmakua mwenye mwili wa kutosha watu wawili na sauti ya kutosha kijiji. Alikuwa anakuja taratibu, anajifunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda kutwanga.

"Mama Anifa, haya si mambo ya kina mama," alisema Dadi.

"Sikukuuliza wewe, mwanangu. Nimemuuliza huyu wa chini. Wewe, ni Myao?"

"Myao, mama," alisema Mujibu.

"Kwa baba au kwa mama?"

"Kote."

"Wa wapi?"

"Chiungutwa."

"Basi ni wangu," alisema Mama Anifa, na akajitupa juu yake.

Sikutanii. Alijitupa mzima mzima, kama gunia la korosho linaloshushwa kwenye lori. Mujibu akaanguka kifudifudi, tairi likabanwa katikati yao, na kutoka chini ya kitenge ikasikika sauti nyembamba ya mtu anayetafuta pumzi.

"Mama, unanivunja mbavu."

"Nyamaza. Maiti haisemi."

Wa huku hahitaji kuelezwa, lakini gazeti hili linafika mbali. Mmakua na Myao ni watani. Myao akifa, Mmakua ndiye mwenye msiba. Atajilaza kwenye jeneza akatae kutoka. Atamtukana marehemu mbele ya mjane wake, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa, na wazee watamwambia hivyo.

"Mama Anifa, ondoka hapo," alisema Mzee Rajabu.

"Niondoke niende wapi, Mzee Rajabu? Shikamoo kwanza."

"Marahaba," alijibu Mzee Rajabu, kwa sababu mdomo wake umezoea.

"Nina miaka hamsini na sita. Tangu nimepata akili nasubiri Myao wa kumzika vizuri. Leo mmenipatia mmoja, kijana, mnene kiasi, halafu mnataka kumchoma abaki mkaa. Mimi nitazika nini? Nitamlalia nani? Nitamtukana nani, jivu?"

Mtu mmoja alicheka nyuma kabisa, akaziba mdomo.

"Mtani hajaridhika," aliendelea Mama Anifa, amejiegemeza kwenye kiwiko kama yuko mkekani kwake. "Na mtani asiporidhika hakuna maziko. Sasa kama hakuna maziko, huyu atakufaje? Mmewahi kuona wapi mtu anakufa halafu hazikwi? Nyie ni watu au ni fisi?"

"Ni mwizi," alisema Dadi.

"Myao na wizi ni kitu cha ajabu? Tangu lini?" Akampiga Mujibu kofi la mgongoni. "Jamani, marehemu namjua. Marehemu alikuwa mchoyo. Nilimwomba anipeleke Chiwata kwa dada yangu, akaniambia pikipiki yake haibebi ng'ombe."

"Sikusema ng'ombe," ilisema sauti ya chini. "Nilisema uzito."

"Marehemu pia alikuwa mbishi. Mnamsikia? Amekufa bado anabishana."

Sasa walicheka wengi. Wayao waliokuwa kwenye kundi walicheka kuliko wote, maana ukichekwa na mtani wako huna njia nyingine. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba Wamakua ndio waliozoea kula panya, na Mama Anifa akamjibu kwamba panya wa Wamakua ana heshima kuliko mchumba wa Kiyao. Mkono wa Mzee Rajabu ukashuka hadi kiunoni, njiti bado iko kati ya vidole.

Hapo nataka unisikilize, wewe unayesema watu wa kusini tuna utani mwingi usio na kazi. Kuna kazi kubwa kuliko hiyo? Mgambo wawili walikuwa kando wanaangalia simu zao. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa akasema yuko Newala kwenye kikao, na mimi nilimwona kwa macho yangu nyuma ya duka la dawa. Aliyekuwa kazini asubuhi ile ni mwanamke mmoja aliyelala juu ya mtu, anamsema.

Lakini kicheko kina mwisho wake.

Faidha, muuza sabuni, alisogea mbele. Mwanamke mdogo, mkavu, asiyecheka. Nakuomba umsikilize naye, maana hakuwa mjinga.

"Mama Anifa, utani tumeuelewa," alisema. "Sasa mimi nikuulize. Kaka yangu Faruku alichomwa kisu pale stendi mwaka juzi. Aliyemchoma alipelekwa polisi Jumatatu. Ijumaa nimekutana naye ananunua sigara. Akaniamkia. Kidonda cha kaka yangu kilikuwa bado kina nyuzi. Huyo mtani wako ukimwinua, Ijumaa atamwamkia nani? Yuliana?"

Mama Anifa hakufanya mzaha. "Hilo swali ni zito, mwanangu," alisema. "Sina jibu lake."

"Basi toka."

"Jibu la swali lako sina. Lakini ninalo langu mimi. Mna hakika gani kama ni yeye?"

"Damu ile shatini."

"Ipi?"

"Hiyo. Macho huna?"

Mama Anifa akainuka nusu, akamgeuza Mujibu chali kama mtu anayegeuza chapati, akaliangalia shati. Akalinusa. Akalilamba kidogo kwa ncha ya ulimi. Watu wakasema, "Aa."

"Faidha," alisema, "niletee beseni, maji, na mche mmoja wa sabuni."

"Wa nini?"

"Nataka kufua."

Na hapa ndipo nakwambia kwamba watu wa Masasi wanapenda kutazama kuliko kuua. Kundi lile lililokuja kuona mtu anaungua lilijipanga duara, wafupi mbele, warefu nyuma, kuona mwanamke anafua shati. Beseni likaja. Maji yakaja. Mujibu akavuliwa shati, akabaki kifua wazi, tairi shingoni, amekaa chini kama bwana harusi aliyevishwa shada baya.

"Damu ukiifua kwa sabuni inafanyaje?" aliuliza Mama Anifa.

"Inatoka," walijibu kina mama.

"Na bibo?"

Hapo kina mama wakaanza kuguna. Maana hakuna mama wa nchi hii ya mikorosho asiyejua. Doa la bibo, tunda la mkorosho, likiwa jipya halionekani. Likikauka linakuwa kama damu ya juzi. Ukilitia sabuni ndipo unapolikaribisha likae: linazidi weusi, na utalivaa hadi shati lichanike. Sote tumechapwa kwa ajili yake utotoni. Na sote asubuhi ile, mwezi wa Novemba, mabibo yamejaa hadi barabarani, tulimwona mtu ana madoa ya kutu kifuani tukasema ni damu. Hasira ikipanda kichwani, hata doa ulilozaliwa nalo unalisahau.

Mama Anifa akasugua kifua cha shati. Povu likapanda. Akasuuza, akaliinua juu.

Madoa yalikuwa meusi kama masizi.

"Bibo," alisema mama mmoja.

"Bibo," wakasema kumi.

"Mtani," alisema Mama Anifa, "umebeba mabibo ya nani?"

Mujibu aliangalia chini. Mtu alikuwa na tairi shingoni, na bado aliona haya.

"Ya Mama Chrispin."

Kicheko kikalipuka, maana Mama Chrispin wa barabara ya Nanganga anajulikana kwa kitu kimoja tu, nacho ni uraka, ile pombe ya mabibo. Na mama yake Mujibu, Bi Mwanaisha, ni mwalimu wa madrasa, mwanamke anayeweza kunusa uraka kupitia ukuta wa matofali.

"Ndiyo maana ulikimbia ulipoitwa?" aliuliza Mzee Rajabu. Alikuwa amekirudisha kile kiberiti mfukoni, na sauti yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. "Kwa ajili ya uraka?"

"Mzee wangu, mimi nabeba tu. Sinywi."

"Mwambie mama yako hivyo," alisema mmoja, "halafu urudi hapa tukuchome, itakuwa nafuu."

Ingeishia hapo ningekwenda kunywa chai. Lakini Mama Anifa ni mtu wa kumaliza kazi. Akashika bega la shati, akalitia povu, akasugua.

Maji yakawa mekundu.

Kicheko kikakatika. Mama Anifa akasuuza. Bega likatoka jeupe, safi, na beseni likawa limebeba kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja.

"Hiyo si bibo," alisema Faidha polepole.

"Hapana," alisema Mama Anifa. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mujibu. Mimi nimelala juu yako mbele ya watu. Sema."

Mzee Rajabu akaingiza mkono mfukoni tena. Dadi akainua kidumu.

"Ni damu ya Yuliana," alisema Mujibu.

Duara likasogea mbele hatua moja, lote kwa pamoja.

"Nilikuwa natoka kushusha mabibo," alisema, haraka sasa, maneno yanakanyagana. "Nikamkuta amelala mlangoni pa kibanda. Nikamfunga kwa kanga yake mwenyewe, nyuma yangu, kama mtoto. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu hapa. Nikampeleka hospitali nikamlaza kwenye benchi, nikaita nesi, nikaondoka. Nilikuwa naosha siti kwa sababu siti ilikuwa na damu. Basi."

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?" aliuliza Faidha.

"Nani aliniuliza? Mliniita, nikakimbia, mkanikamata, mkanivisha tairi. Kuuliza mnauliza saa hii."

"Maneno hayo," alisema Dadi. "Kila mwizi ana maneno. Nani alikuona?"

Mujibu aliinua macho, akayapeleka kwa mtu mmoja, akayashusha.

"Mzee Rajabu aliniona," alisema.

Nilisema nawakumbuka kwa majina, lakini sikutegemea hili.

"Shikamoo, mzee," alisema Mujibu. "Samahani nakutaja mbele za watu. Ulipita na baiskeli, unatoka msikitini. Nilikuwa nimeinama namfunga. Nikakwambia, mzee nisaidie kumwinua. Ukasema, 'Makubwa haya.' Ukapita."

Watu wote walimtazama Mzee Rajabu. Mzee Rajabu alitazama kiberiti chake kama kitu kilichookotwa.

"Kulikuwa na giza," alisema.

"Kulikuwa kumepambazuka, mzee."

"Nilidhani... nilidhani ni mlevi. Nilidhani ni mke na mume." Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo waliokaribu tu walisikia, "Nilidhani nikisimama nitaandikwa shahidi."

Umemsikia? Aliogopa kuandikwa shahidi, hakuogopa kuwa muuaji. Ushahidi una jina, una tarehe, una kuitwa Jumatano na kurudishwa Jumatano nyingine. Kuua sokoni hakuna jina. Ndiyo maana kunapendwa.

Kiberiti kikamponyoka kikaanguka chini. Hakuinama kukiokota.

Bajaji ilipiga honi nyuma ya duara, ndefu, ya hasira. Akashuka mwanamke mwenye sare nyeupe na viatu vya kukimbilia. Alikuwa Veridiana, nesi wa wodi ya majeruhi.

"Nani mwenye pikipiki nyekundu iliyoandikwa 'Mungu Anatosha'?" aliuliza. "Nimezunguka mji mzima. Mgonjwa wangu ana fomu ya polisi, na mahali pa kuandika aliyemleta pako wazi."

Akapenya. Akamwona Mujibu, kifua wazi, tairi shingoni. Akaliona beseni.

"Huyu ndiye," alisema. "Kwa nini amevaa tairi?"

Ungewaona. Watu mia mbili, kila mmoja anatafuta kitu cha kuangalia angani.

"Tulikuwa tunamzika," alisema Mama Anifa, "lakini amekataa."

"Mvueni."

Alivuliwa upesi sana, na mikono mingi sana, mikono ileile. Mmoja alimpangusa vumbi magotini. Mwingine alimwuliza kama ana kiu. Mama Anifa akamvalisha shati bichi na kumfunga vifungo kama mtoto wa darasa la kwanza, anamnong'oneza kwamba sasa safari ya Chiwata ni bure hadi mmoja wao afe kweli.

"Na kwa nini ulikimbia pale hospitali?" Veridiana alimwuliza.

"Dada nesi, ukimleta mtu ana damu, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

"Mimi ningekuuliza jina tu na kukupa chai."

"Yuliana yu hai?" aliuliza Faidha.

"Yu hai. Nyuzi kumi na mbili. Ameamka saa tatu na nusu, na kitu cha kwanza amegombana na daktari. Anasema mshono wa namna ile hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza hashoni."

Kicheko kikarudi. Kizuri, cha kweli, cha watu walioponea kitu. Mama mmoja alilia palepale huku anacheka. Mujibu naye akacheka, akashika mbavu, akaacha. Kama hadithi hii ingekuwa mali yangu peke yangu, ningeifunga hapo na kukutakia wiki njema.

Lakini Faidha hakucheka.

"Amemtaja aliyempiga?" aliuliza.

Veridiana akamtazama. "Amezungumza na askari. Amesema alichoona."

"Nani?"

"Nimesema amezungumza na askari. Mimi si redio."

Kitu kikaanguka kwenye changarawe. Kilikuwa kidumu. Petroli ilikuwa inamwagika, na Dadi hakuwepo tena hapo alipokuwa amesimama.

Dadi alikuwa anakimbia.

Hakufika mbali. Vijana wa stendi walimkuta kwenye kona ya barabara ya Newala, wakamrudisha wamembeba juu juu, miguu inapiga hewa. Ilichukua dakika tatu. Wakamtupa palepale alipokuwa Mujibu. Tairi likachukuliwa kutoka chini, tairi lake mwenyewe, likamshuka shingoni. Petroli iliyobaki kwenye kidumu ikamwagwa kichwani kwake, na safari hii ilimwagwa kweli, ikamshuka masikioni.

"Sikumpiga," alisema Dadi. "Wallahi sikumpiga. Nilikimbia kwa sababu polisi wanakuja na kidumu ninacho mimi."

"Mtu asiye na kosa hakimbii," alisema mmoja.

Aliyesema hivyo alikuwa amesimama bega kwa bega na Mujibu. Hakuona ubaya wowote.

Sasa utaniuliza mimi: ni Dadi, au si Dadi? Ninajua. Sikwambii. Kwa nini nikwambie? Nikisema si yeye, utamhurumia. Nikisema ni yeye, utafungia tena vitumbua. Nataka uamue ukiwa hujui, kama wale waliokuwa pale walivyokuwa hawajui. Na nikuongezee: mimi si mtu mpole. Aliyempiga Yuliana namtaka asimame kizimbani, jasho limtoke, amtaje aliyempa nondo, amtaje anayenunua cherehani za wizi, maana yupo mtu anazinunua, na mtu huyo ana duka, na unamwamkia. Ukimchoma mwizi, umemfurahisha mnunuzi. Maiti hamtaji mnunuzi. Kila tairi lililowashwa mji huu, kuna mtu alilala usingizi mzuri usiku ule, naye hakuwa marehemu.

Faidha aliinama. Alikiokota kiberiti kilichomponyoka Mzee Rajabu.

"Faidha," alisema Mama Anifa.

"Usiniite," alisema Faidha. "Kaka yangu hawezi kuinua mkono wa kulia hadi leo. Ijumaa hii hakuna mtu atakayekuja kuniamkia."

Mama Anifa akapiga hatua mbili kumwendea Dadi. Watu wakampisha, wanatabasamu, wanasubiri aseme neno, ajitupe, wacheke. Akasimama. Nilimwona akisimama. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kwamba nyumba si yake.

"Siwezi," alisema.

"Mlalie, mama," alisema mtu. "Kama yule."

"Siwezi. Dadi ni Mmakua. Mama yake na mama yangu ni wa ukoo mmoja." Sauti yake, ile ya kutosha kijiji, ilikuwa imebaki ya mtu mmoja. "Nikimlalia mimi si mtani. Ni ndugu anamlilia ndugu. Na ndugu mnamshika miguu mnamvuta pembeni, kisha mnaendelea."

Ilikuwa kweli. Vijana wawili walikuwa wameshasogea kumshika mikono, kwa heshima, kama unavyomshika mfiwa.

"Pole, mama," alisema mmoja wao. "Njoo ukae."

Mama Anifa akageuza kichwa. Akamtafuta Mujibu.

"Mtani," alisema. "Huyu si wangu. Ni wako."

Kila mtu akamtazama Mujibu. Shati lake lilikuwa linamdondoka maji. Shingo yake bado ilikuwa na mstari mweusi wa tairi. Mbele yake alikuwa amepiga magoti mtu aliyelileta tairi lile, aliyesema petroli haichagui, na petroli ilikuwa imeenea hadi chini, ikang'aa juani. Atakayejilaza pale atalowa yeye pia.

Dadi akainua macho. Akasema kitu ambacho mtani husema msibani, lakini hakukisema kama mzaha.

"Myao wangu."

Mujibu hakwenda mbele. Hakurudi nyuma.

Faidha akatoa njiti. Hii haikukatika.

Namjua Mujibu, namjua hadi kwa bibi yake, na sijui kama nina haki ya kumtaka ainue mguu ule. Wewe una haki hiyo? Palikuwa na Wayao sitini pale sokoni. Palikuwa na Wamakonde wa Newala waliokuja kuuza mihogo, watani wa Mmakua kama yeye, watu wazima wenye miili ya kutosha. Kila mmoja alikuwa anamsubiri Mujibu, kana kwamba utani ni wa mtu mmoja.

Na wewe usimsubiri. Wewe uliyeshika gazeti hili, hapo Newala, hapo Nanganga, hapo Chiwata, popote unaposikia kelele za "mwizi" zinapita dirishani mwako, na unajua zinapoelekea. Usiniulize amefanya nini. Usiniulize atatoka lini kwa dhamana. Yupo mtu amepiga magoti, naye ni mtani wa mtu.

Njiti imeshawaka. Acha kusoma. Simama, vaa viatu, nenda ukamlalie.